Tunaomba chumba kimoja, bila mgeni rasmi

BARUA YA WAZI

Kwa: Mkuu wa Mkoa wa Simiyu; Katibu Tawala wa Mkoa; Mganga Mkuu wa Mkoa; Wakurugenzi na Maafisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri zetu sita: Bariadi Mji, Bariadi Wilaya, Busega, Itilima, Maswa na Meatu.

YAH: OMBI LA MAHALI PA KUKUTANIA WANAOTAKA KUACHA POMBE

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua barua nyingi zinazoanza hivi huishia kwenye jalada. Ndiyo maana hii nimeiandika hadharani, ili wananchi wenzangu wawe mashahidi kwamba mmeipokea.

Kwa misimu tisa nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, mkulima anayetaka kuwahi hulala na mafurushi yake mlangoni mwa ghala. Kazi ya karani ni kusoma mizani, kuita kilo kwa sauti na kuandika stakabadhi. Asubuhi moja nilimwandikia mzee mmoja kutoka upande wa Dutwa. Akaitazama stakabadhi kwa muda, akaigeuzia kwenye mwanga, kisha akaniuliza kwa upole, "Ng'wanawane, mwanangu, hii ni moja au saba?"

Mizani ilikuwa imesoma kilo 77. Mkono wangu ulitetemeka hata saba ya mwisho ikasimama kama moja. Kati ya 71 na 77 ni kilo sita, na kilo sita za pamba si mchezo kwa mgongo wa mzee aliyezichuma mwenyewe. Nikajaribu kuandika upya, ikawa mbaya zaidi. Mzee akanishika kiwiko, akaniinamia sikioni: "Nenda kwanza ukazimue. Mimi nitasubiri."

Nilikwenda. Nyuma ya ghala alikuwapo mama mmoja aliyeijua saa yangu kuliko nilivyoijua mwenyewe, akanimiminia. Dakika kumi baadaye nilirudi mkono umetulia kama wa fundi saa, nikaandika 77 safi kabisa. Kwenye foleni hakuna aliyenung'unika. Wote walijua dawa ya mkono wa karani wao, na wote walikuwa tayari kuisubiri.

Miaka yote hiyo sikukosa mtu wa kuniambia kwamba nakunywa sana. Nilikosa mtu wa kuniambia niende wapi.

Niliposema imetosha, nilianza kubisha hodi. Kanisani mchungaji aliniombea kwa moyo wake wote, na simlaumu hata kidogo. Alikuwa na maombi, akanipa alichokuwa nacho. Ila ibada iliisha saa saba mchana, na kiu yangu ilikuwa ya saa kumi na mbili jioni. Jirani yangu Mwislamu alinipeleka kwa shehe, naye akanihimiza toba. Mjomba alileta mizizi ya kusaga, tukaitia kwenye uji. Wenzangu wa kilabuni wakanishauri niachane na gongo nihamie bia. Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, iliniuliza nimeletwa na nani na barua yangu ya utambulisho iko wapi.

Nikaenda kituo cha afya, nacho sitakitaja. Tabibu kijana aliniuliza nakunywa kiasi gani, nikamwambia kweli. Akaniandikia dawa za vidonda vya tumbo, akasema, "Mzee, acha tu." Nami nikaacha tu, siku ile ile, kama nilivyoelekezwa. Usiku wa pili mke wangu alishtushwa na kishindo, akanikuta sakafuni nimekakamaa, povu mdomoni. Majirani wengine walisema ni kifafa, wengine wakasema nimerogwa.

Hakikuwa kifafa wala uchawi. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukinyimwa ghafla, huasi. Ndani ya saa chache mtu hutetemeka na kutoka jasho. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kuanguka na kukakamaa. Siku ya pili au ya tatu wengine huona vitu visivyokuwapo na kuchanganyikiwa kabisa, na wapo wanaokufa. Tiba yake inajulikana miaka mingi: diazepam kwa kipimo cha mtaalamu, vitamini B1, maji, na uangalizi wa siku kadhaa. Hizo si dawa za kuagiza Ulaya.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba niwaache kidogo niseme na mwananchi anayesoma barua hii huku akinywa kila siku. Ndugu yangu, usikate ghafla peke yako nyumbani. Nenda kwanza hospitali, sema ukweli wa kiasi unachokunywa bila kupunguza hata glasi moja, na ukiambiwa "acha tu", usiondoke. Omba kumwona daktari mwingine.

Mimi pumzi ilinirudia Arusha, kwa dada yangu. Nililazwa hospitali huko siku nne. Siku ya kutoka, muuguzi mmoja alichana kipande cha kasha la dawa, akaniandikia siku, saa na jengo. Hakuandika zaidi. Nililizunguka jengo lile mara tatu kabla ya kuingia, na nilipoingia nilijifanya nauliza choo.

Ndani walikuwamo watu saba na chupa moja ya chai. Viti vya plastiki vilipangwa duara, meza kuu haikuwapo. Mmoja alisoma maneno machache kutoka kwenye karatasi iliyochakaa, halafu wakaanza kuzungumza kwa zamu. Kila mmoja alianza vile vile: jina lake la kwanza, kisha, "na mimi ni mlevi."

Mnajua neno hilo lina uzito gani katika Kiswahili chetu. Mlevi ni tusi. Tunamrushia mtu aliyelala mtaroni, tunalitumia kumnyima kijana mchumba, tunamtishia nalo mtoto asiyependa shule. Sikuwahi kuona mtu akilichukua mwenyewe na kulivaa kama koti, tena akiwa na shati lililopigwa pasi na miaka sita bila kuonja pombe. Zamu yangu ilipofika, nililia. Hakuna aliyenikatiza, hakuna aliyeniambia ninyamaze kwa kuwa mimi ni mwanaume. Walingoja. Nikamkumbuka mzee wa pamba. Naye alinisubiri kwa upendo, ila yeye alisubiri ninywe.

Waliyosema wengine sitayaandika, hata kama yangeipa barua hii nguvu, kwa sababu kinachosemwa chumbani hubaki chumbani. Ninachoweza kuwaeleza ni utaratibu wenyewe, maana hauna siri.

Ulianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Biashara iliyompeleka Akron ilikwama, akajikuta peke yake kwenye ukumbi wa hoteli, baa ikimwita upande wa pili. Akagundua kwamba ili asiingie mle alihitaji mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akapiga simu huku na kule mpaka akaunganishwa na daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith. Daktari huyo mikono yake ilikuwa ikitetemeka kama ya karani mmoja wa Bariadi. Mwezi Juni mwaka huo, asubuhi ambayo Smith alitakiwa kumpasua mgonjwa, Wilson alimpa bia ili mkono utulie. Ikawa bia yake ya mwisho.

Nimeifikiria sana bia ile. Mimi pia nilipewa pombe ya kutuliza mkono, tena mara nyingi sana. Tofauti ni kwamba aliyempa Smith bia alibaki naye: jioni alikuwapo, kesho yake alikuwapo, na baadaye wawili hao walikwenda kumtafuta wa tatu. Hicho ndicho kikundi. Ni watu wanaobaki baada ya mkono kutulia.

Kutoka kwa hao wawili kukatokea Alcoholics Anonymous, AA kwa kifupi, yaani walevi wasiotajwa majina, ambayo leo imeenea katika nchi nyingi za dunia. Sharti la kuingia ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Hakuna kiingilio wala ada. Kinapitishwa kikapu cha chai na kodi ya chumba, na asiyenacho hutoa siku nyingine. Hakuna daftari la wanachama. Wanamtaja Mungu kwa namna ambayo kila mtu huja na imani yake, na asiye na dini hafukuzwi. Wake na watoto wa wanywaji nao wana vikao vyao, vinavyoitwa Al-Anon, vilivyoanzishwa mwaka 1951 na wanawake wawili, mmoja wao akiwa Lois, mke wa Wilson huyo huyo. Nairobi vikao vya AA hufanyika karibu kila siku. Kwetu Tanzania vimekuwapo Dar es Salaam na Arusha. Zanzibar, tangu mwaka 2009, nyumba za upataji nafuu zimetumia utaratibu huo huo kuwainua vijana waliozama kwenye heroini, na nyingi zinaendeshwa na watu waliopita humo humo.

Simiyu tuko zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya mwaka 2022. Nimeuliza kwenye zahanati, kwenye makanisa, misikitini, kwa mabalozi na kwenye ofisi. Hakuna hata mmoja aliyeweza kunitajia siku, saa na jengo.

Basi niliporudi tulianzisha wenyewe. Tulianza wawili, sasa tuko wanne. Sitawatajia kazi zao wala mitaa yao. Mwanzo tulikaa kwenye darasa baada ya masomo, mpaka ikahitajika barua ya kibali inayoeleza aina ya kikundi, na hakuna aliyetaka jina lake liandikwe kwenye barua hiyo. Tukahamia chumba cha nyuma cha duka, mwenye duka akaanza kuuza bia. Sasa tunakaa chini ya mwembe, kandokando ya njia. Siku moja mama mmoja aliyebeba ndoo kichwani alisimama akauliza, "Hii vicoba mnapokea wanachama?" Tukatazamana, mmoja wetu akamjibu, "Tunapokea, mama, ila hisa zake ni ngumu." Mvua zikianza, mwembe ule si paa.

Najua Serikali haijalala kwenye suala la pombe. Sheria ya gongo ipo tangu mwaka 1966. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 inapanga leseni na saa za kuuza. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, na tulishangilia, kisha chupa ndogo zikachukua nafasi yake mezani. Operesheni zinafanyika, madumu yanamwagwa, mapipa yanatobolewa. Siwakatazi. Ila naomba niwape ushahidi wa mtu aliyekuwa upande wa pili wa pipa: yule mama aliyekuwa akinimiminia alikamatwa mara mbili katika miaka yangu ya kunywa, na mara zote mbili nilipata mwingine kabla ya saa nne asubuhi. Mkono unaotetemeka hausomi sheria. Mnajua kumwaga gongo, waheshimiwa, lakini bado hamjajiandaa kumpokea mnywaji siku atakayowajia mwenyewe na kusema amechoka.

Na siku hiyo huwa moja, tena fupi. Inaanza asubuhi kwa aibu na kuisha jioni kwa kiu. Kama katikati yake hakuna mlango uliofunguliwa, inapita, na nyingine inaweza kuchukua miaka miwili kuja. Mimi yangu ilipita mara nne.

Kwetu mtu akikataa glasi anatakiwa atoe sababu, na sababu zinazokubalika ni mbili tu: ameokoka, au yuko kwenye dozi. Nimekutana na watu wanaotembea na vidonge vya maumivu mfukoni ili wavionyeshe harusini. Ukisema tu, "Nimeacha, ilikuwa inaniharibu," meza nzima inanyamaza, halafu mtu anacheka na kukumiminia. Kwa hiyo anayeacha hubaki peke yake siku za sherehe, siku za mnada na siku za malipo ya pamba, ambazo ndizo siku ngumu. Mwanamke anayekunywa hali yake ni mbaya zaidi, kwa sababu yeye hata kilabuni haonekani. Anakunywa jikoni mlango umefungwa, na akijulikana anarudishwa kwao.

Hatuombi jambo geni kwa Wasukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wakiibwa kila kukicha, Bariadi yetu ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, wazee hawakungoja bajeti. Waliunda sungusungu, na pamoja na makosa yaliyotokea, Serikali ilikuja kuwatambua baadaye. Tulipokuwa tukizikana kwa UKIMWI, waliofungua mdomo kwanza ni watu wenye virusi wenyewe, wakaunda vikundi, na leo wana konga zao, yaani mitandao ya vikundi hivyo, katika halmashauri. Hakuna anayeshangaa kuona mtu mwenye VVU akimfundisha mwenzake namna ya kumeza dawa. Kwa pombe tumebaki kuamini kwamba anayeifahamu zaidi ni yule ambaye hajawahi kuionja.

Sasa maombi yetu. Ni matano.

Kwanza, kitanda. Kila hospitali ya halmashauri iwe na mtu mmoja kwa zamu anayejua kumsaidia mgonjwa anayekatisha pombe, na dawa zake ziwepo. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 la kupima unywaji, na limeshatafsiriwa na kujaribiwa kwa Kiswahili pale hospitali ya KCMC, Moshi. Hospitali hiyo hiyo imekuwa na mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambapo mtu aliyeletwa na majeraha huku pombe ikinuka mdomoni hukaa na muuguzi kwa mazungumzo mafupi yasiyo ya kuhukumu. Wako nchi hii hii, lugha hii hii. Watumeni wauguzi wetu wawili watatu wakaone.

Pili, chumba. Kimoja kwa kila halmashauri, mara moja kwa wiki, kwa saa moja na nusu, jioni baada ya kazi. Kiwe na mlango unaofungwa na kisiwe jirani na baa. Tafadhali kisiwe kituo cha polisi, wala ofisi ya mtendaji wa kata, ambako mtu akionekana anaingia lazima aulizwe ana kesi gani. Darasa linatosha, ukumbi wa chama cha msingi (AMCOS) unatosha. Nyumba za ibada zenye vyumba vya pembeni zinaweza kutusaidia, mradi mlango uwe wazi kwa wa dini zote. Wanawake wapewe siku yao wakiihitaji, na familia pia wapate yao, kwani mke wa mnywaji anaumwa ugonjwa ule ule bila kuonja tone.

Tatu, na hili ndilo kubwa, siri. Waheshimiwa, mimi nimekaa kwenye ushirika, najua mikutano yetu inavyoendeshwa. Kwanza daftari la mahudhurio: jina kamili, kijiji, namba ya simu, sahihi. Kisha bango lenye nembo. Kisha mgeni rasmi, risala, picha ya pamoja, na posho ya nauli. Jioni picha ziko kwenye makundi ya WhatsApp ya mkoa mzima. Mkutuletea hayo, kwa nia njema kabisa, mtakuwa mmetuua. Mwalimu hatakuja, polisi hatakuja, dereva wa gari la serikali hatakuja, na hao wapo. Msituletee mgeni rasmi. Msituletee daftari. Posho nayo msilete, maana atakayekuja kwa posho ataacha kuja posho ikikatika, na yule aliyekuja kwa kiu atakosa kiti. Mkitaka takwimu, tutawaandikia kila mwezi tarakimu moja tu, idadi ya vichwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na najua mtanirudishia msemo huo. Sisi tunaomba kuficha majina ili maradhi yasifichike.

Nne, taarifa. Siku, saa na mahali viandikwe kwenye karatasi moja, vibandikwe kwenye kila zahanati, vitangazwe msikitini na kanisani, visomwe redioni. Redio zetu za hapa hapa, kama Sibuka FM ya Maswa, zinasikika mashambani ambako barua yangu haitafika. Tangazo halihitaji vitisho wala picha ya ini lililooza. Litaje tu mlango ulipo na kwamba hautauliza jina la ukoo. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Hao ndio wanaoingia uani na kuona mkono wa nani unatetemeka. Wafundisheni mambo mawili: kwamba mnywaji wa kila siku asiambiwe "acha tu", na kwamba karatasi ile wawe nayo mfukoni.

Tano, nauli. Kikundi hakihitaji mtaalamu wa kukiongoza, ila kinahitaji watu waliokaa kwenye kikundi kilichokomaa wakaona kinavyojilinda: mtu asigeuke kuwa mhubiri, asikopeshe wala kukopa, asimtafute mchumba mle ndani, asitangaze siasa. Haya tuliyajifunza kwa kugongana vichwa, na mwenzetu mmoja tulimpoteza kwa sababu ya deni la shilingi elfu kumi na tano. Wapelekeni watu watatu kutoka kila wilaya wakakae mwezi mmoja Arusha au Dar es Salaam. Sidhani gharama yake itazidi ya semina moja ya siku mbili yenye chakula cha mchana.

Mtaniuliza kama kikundi kinaponya. Sijui mtu aliyepona. Najua watu ambao leo hawajanywa. Mwenzetu mmoja aliteleza siku ya malipo ya pamba, akapotea wiki tatu, akarudi chini ya mwembe akiwa amevaa kiatu kimoja. Hakuulizwa kiatu cha pili kiko wapi. Alipewa chai, akaambiwa kikao kijacho ni lini. Hesabu ya siku zake bila pombe si ndefu kama yangu, lakini hesabu anayo. Na wapo ambao utaratibu huu hauwafai kabisa, wanahitaji dawa, au daktari wa afya ya akili, au safari ya kwenda hospitali ya Mirembe, Dodoma, na hao msiwanyime. Chumba hakichukui nafasi ya hospitali. Kinaanza pale hospitali inapomwambia mgonjwa aende nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni mita mia moja kutoka kilabuni.

Yule mzee wa Dutwa nilimfuata mwaka jana kumwomba radhi. Alikuwa amesahau kabisa. Nilipomkumbusha kilo 77 alicheka, akaniomba nimwandikie namba ile tena, pale pale, kwa kijiti mchangani. Nikaandika. Akaitazama kwa muda, kama alivyoitazama stakabadhi ile, akasema, "Hii ni saba." Kisha akaniambia ana kijana wake wa miaka 26, na akaniuliza ampeleke wapi.

Nilimwelekeza kwenye mwembe, waheshimiwa, kwa kuwa sikuwa na jengo la kumtajia. Ni safari ndefu kwa baiskeli, na msimu wa mvua unakaribia.

Sisi tunakaa kila Jumatano, saa kumi na moja jioni. Tunaomba majibu yenu yawe siku, saa na jengo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Karani wa mizani wa zamani,
Bariadi, Simiyu.
(Jina langu la kwanza nitawatajia mkija. La ukoo hapana.)